Ndevu za Mkwe Wangu Zitamuua, na Mimi Nimefungwa Mdomo

Hamjambo, watoto wangu wa ukurasa huu. Lificheni jina langu, maana hapa Bungoma tunajuana hata kwa kukohoa. Mimi ni nyanya niliyezaliwa mwaka wa nzige, hesabuni wenyewe. Shule sikuingia hata kuifagia. Anayeniandikia ni jirani, nami nimemwambia asinipambie maneno, aandike vile yanavyotoka.

Mume wangu alipofariki, nililea watoto kwa kupepeta mahindi kwenye stoo moja ya Kitale. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Magunia yakijaa, yanafunikwa turubai na kuwekewa tembe za kuua wadudu. Tembe hizo zikipata unyevu zinageuka hewa yenye harufu kama ya kitunguu saumu, na hewa hiyo haijui huyu ni mdudu na huyu ni mtu. Sisi tulijifunga leso puani tukanywa maziwa, ati maziwa huosha sumu. Rafiki yangu mmoja, mama wa watoto wadogo, alikunywa yake, akajifunga leso yake, akaingia kuvuta turubai. Tulimtoa akitapika, na jua halikuzama naye. Tangu hapo mtu akiniletea habari ya maziwa namwambia ampelekee ndama.

Baada ya kifo hicho afisa mmoja alikuja kutufundisha. Akasema leso na maski za kitambaa ni za vumbi tu, hewa inazipita kama maji kwenye chekeche. Inatakiwa maski ya mpira ya kufunika uso wote, yenye mkebe wa kuchuja, tena mkebe wa dawa hiyo hiyo. Ule wa wapiga rangi hautakusaidia kwa tembe, na hata ule wenyewe ukitumika sana unachoka, utupwe. Mwisho akasema mpira ulale kwenye ngozi, pasiwe na kitu katikati. Nikamuuliza kama ni sawa na kufunika sufuria jani likiwa limekwama ukingoni, mvuke ukatoka. Akasema, ndiyo, mama, ni hivyo hivyo.

Sasa kazi hiyo anaifanya mume wa binti yangu. Binti nitamwita Nafula. Jina la mkwe silitaji, hata la uongo. Mwenye stoo amewanunulia maski nzuri, mkebe ni wenyewe, hapo sina neno. Shida ni ndevu. Walikaa miaka bila mtoto, mimba zinatoka, mpaka kijana wa watu akaweka nadhiri kanisani kwamba wembe hautamgusa usoni mpaka apakate mtoto wake. Mungu si mchoyo, Nafula sasa ana tumbo kubwa. Lakini ndevu nazo zimekuwa kubwa, na ile maski inazikalia kama kuku juu ya kichaka. Anarudi nyumbani kichwa kinampasuka, kifua kimembana, anatapika, halafu anasema ni malaria. Malaria gani hiyo inayomshika siku za tembe peke yake?

Mtasema, si umwambie. Nyinyi hamjui kwetu. Mama mkwe hasemi na mkwe wake uso kwa uso. Hatupeani mkono, hatuli pamoja, nyumbani kwake siingii. Nikimwona njiani najitupa ndani ya mahindi mpaka apite, na yeye vilevile. Siku moja karibu na Kiminini tulijitupa shamba moja, kila mtu upande wake, tukajibanza humo kama wezi, hakuna wa kutoka kwanza. Sasa mimi ndiye niende kutaja nywele za uso wake? Hiyo ni aibu ya kuitiwa wazee.

Hata hivyo nilienda Kitale, nikafikia kwa mama mmoja jirani yao, nikamtuma Nafula amwambie anyoe. Alirudi ameinamisha kichwa.

"Mama, anasema ndevu ni za Mungu, si za mama mkwe."

"Mwambie Mungu hana kazi na ndevu za marehemu."

Akaenda tena, akarudi.

"Amecheka tu. Anasema usiwe na wasiwasi, anakunywa maziwa."

Nilienda kwa kaka mkubwa wa mkwe, akaniambia hayo ni maneno ya kike. Pasta naye akasema nadhiri ni nadhiri. Nilipotaka kumtuma Nafula mara nyingine, alinishika mkono akalia. Anaogopa kwamba wembe ukimgusa baba, mtoto naye atatoka kama wale wengine. Akaniambia, "Mama, nikilia hivi tumbo linakaza. Usinitume tena." Basi sina mdomo mwingine wa kutuma.

Wiki ijayo stoo kubwa inafunikwa, na yeye ndiye ataingia na tembe. Nikivunja mwiko niende nimsimamie mlangoni, anaweza kuona haya amrudishe binti yangu kwangu. Na mimba hiyo ikitoka, watasema nyanya mchawi ndiye aliyeilaani, na Nafula mwenyewe huenda akaamini. Nikinyamaza, mtoto atazaliwa apakatwe na nani? Kijana huyo ni mwema, ananitumia sukari kila akipata, na sijawahi kumwambia asante kwa mdomo wangu. Usiku silali. Nikipika, kila harufu ya kitunguu inanitoa machozi kabla sijakikata.

Nishaurini upesi, watoto wangu, nifanye nini? Wembe nimeshanunua, nimeufunga kwenye pindo la leso yangu. Sitaki siku ya kwanza ya kumtazama mkwe wangu usoni iwe siku amelala ndani ya sanduku.