Kikombe cha Mfinyanzi

Mdomo wangu hauna breki, ndiyo sababu majirani walinichagua niwe mshauri wa afya. Kazi yenyewe ni ya kujitolea: napita nyumba kwa nyumba na mizani, na utepe wa kupima mikono ya watoto, kuona kama wana utapiamlo.

Mwaka jana nilipewa nyumba za wafinyanzi, kule juu Busasamana. Babu zao walitoka msituni. Siku hizi nchini kwetu makabila hatuyataji. Tunasema wafinyanzi, na kila mtu anaelewa. Kwao ilikuwa vigumu kupata nyumba isiyowahi kuzika mtoto. Mama mmoja alikuwa amezika wawili, wote kwa kuhara, wote kabla ya kuota meno. Sasa alikuwa na mimba pevu, na alitaka kujifungulia nyumbani kama zamani. Nikaapa kwamba mtoto huyu atazaliwa kituo cha afya.

Alizoea kuuza vyungu Goma, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili cha huko kilimkaa mdomoni, kwa hiyo tuliongea hicho. Akanikaribisha maji kwenye kikombe cha udongo. Nikauliza kama yamechemshwa. Hayakuchemshwa. Nikamrudishia kikombe, nikaanza somo langu la vijidudu, tena kwa madaha.

"Bon, nimesikia," akasema. "Hata mama yako hangekunywa kwa kikombe yetu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama yangu alipikia vyungu vyao maisha yake yote, lakini kunywa kikombe kimoja nao, kama wengi wa kwetu, hakukubali hata siku moja. Nikajitetea kwamba shida ni maji, si kikombe. Mwenzangu alishanipa kisogo, anakanda udongo wake.

Basi nikakichukua kile kikombe, nikanywa mpaka tone la mwisho.

Kesho kutwa yake nilikuwa kwenye foleni ya kituo cha afya, nimejikunja, nasubiri dawa ileile ya kuhara ninayowahimiza wenzangu wanywe. Nikamwona anaingia, ameshika kiuno, mumewe nyuma.

"We mushauri! Iko nini?"

"Ni maji yako, mama."

Alicheka mpaka uchungu ukamkatiza. "Mutu amekunywa kwangu," akamwambia mumewe, "mi nitakataa aje kumufuata huku?"

Siku hizi nikifika ananipa kikombe kilekile, na kabla sijafungua mdomo ananionyesha sufuria: "Imechemuka. Kunywa."

Mtoto ana meno manne. Juzi nikimpima mkono aliniuma kidole, nikalia mbele za watu wote, wala sikusikia maumivu yoyote.