Maji ya Majivu

Mama alipokubali kuja kwangu Kitale alisema anakuja kwa wiki mbili tu, na chungu chake cha kupikia alikiacha Bumula, kimefunikwa mdomo chini kando ya mafiga. Mimi nilitaka tukibebe. Nilikuwa nimeshakikumbatia, niko njiani kuelekea garini, akaniambia nikirudishe nilipokitoa. Mwanamke akihama ndipo huhama na chungu, alisema. Anayekwenda kutembea huenda na nguo zake.

Sikubishana naye kwa kuwa nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka asirudi tena kule kuishi peke yake. Mwezi mmoja nyuma alikuwa ameteleza akitoka kuteka maji, akakaa chini kwenye matope mpaka mtu akapita, na tangu nisikie habari hiyo nilikuwa sina raha. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita, na watoto wana maisha yao mbali. Mama mzee hana wa kumtunza, mwana mstaafu hana kazi. Jambo lilikuwa wazi. Nilijiona mtoto mwema kupita kiasi. Siku kadhaa nilizunguka sokoni Kitale na uso wa wema, nikisubiri mtu aniulize habari za mama, na yeyote aliyethubutu kuuliza alichelewa kufika alikokuwa akienda.

Matatizo yalianza mezani. Nilidhani mama atapika, maana ni mama. Akakataa kugusa hata kijiko. Alisimama mlangoni, akaangalia sufuria za marehemu mke wangu zilivyopangwa, akasema jiko hili lina mwenyewe. Basi nikapika mimi. Wakati huo upishi wangu ulikuwa mayai, chai, na mkate ambao kazi yangu ilikuwa kuukata tu. Siku ya tatu nikajitutumua nikachemsha majani ya kunde na kuyalainisha kwa soda ya kuumulia mandazi. Mama alionja, akaweka kijiko chini taratibu.

"Mwanangu," alisema, "mimi siwezi kukaa kwa nyumba haina munyu."

Munyu wetu ni maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Hutiwa kwenye mboga za kienyeji ili ziive laini na ziwe na ile ladha ambayo ukikulia kwetu Bungoma huwezi kuisahau. Lakini mimi katika sentensi nzima nilisikia neno moja, kukaa. Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa karani wa serikali, nimezoea kuamini kwamba stakabadhi inayokosekana ikipatikana, ombi linapita. Nikahitimisha kwamba munyu ukipatikana, mama anakaa.

Kikwazo ni kwamba kwetu mvulana akishatahiriwa hana kazi tena jikoni kwa mamake. Hukaa nje akasubiri kuitwa kama mgeni. Katika mila zote nilizofundishwa, hiyo ndiyo niliyoitii bila kukosa hata siku moja.

Nilikwenda kwa jirani yangu, mwanamke ambaye wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi wakaja Trans-Nzoia kulima. Alikuwa amemaliza kupura maharagwe, na maganda anawapa ng'ombe. Nilipomwomba gunia moja akaniuliza nimenunua ng'ombe lini. Nikamwambia nataka kuyachoma. Akanipa gunia, kisha akaja kusimama kwenye ua ili asikose kitu.

Hakukosa. Maganda yalikuwa na unyevu kidogo, yakatoa moshi bila moto, nami badala ya kuyaanika nikayamwagia mafuta ya taa. Yalishika vizuri, na nyusi zangu zikapungua. Halafu nikachota majivu yale yakiwa bado ya moto nikayatia kwenye ndoo ya plastiki niliyoitoboa matundu kwa ustadi mkubwa. Ndoo ikakaa chini polepole kama mtu aliyechoka. Jirani akaniuliza kwa upole kama hivyo ndivyo inavyofanywa kwetu. Nikamwambia ndiyo, hii ni hatua ya kwanza.

Nikatafuta mkebe wa bati, nikachuja, nikapika mrenda, mboga ya majani yenye utelezi, nilioufuata hadi Kiminini, nimevaa aproni ya marehemu mke wangu yenye maua ya alizeti. Kabla sijapakua, mama aliuliza kutoka sebuleni kama stima imepotea na nimewasha koroboi ya mafuta ya taa.

Ndipo nikafungua faili. Nilikaa karibu na mama barazani nikamwomba maelezo, nikiandika. Munyu unatiwa kiasi gani? Kidogo. Kidogo namna gani? Ya kutosha. Nikaandika "kidogo ya kutosha" na nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Mara ya pili niliyaanika maganda siku nzima na kuyachoma juu ya bati safi, bila mafuta. Maji ya kwanza yaliyodondoka yalikuwa meusi kama chai ya strungi, na nikayapenda kwa macho. Nikatia kikombe kizima. Mboga ziligeuka uji mbele yangu. Nilipoonja, ulimi ulikauka kama nimelamba sabuni ya kufulia. Mama alimeza matonge mawili kwa adabu, akaomba maji, akaomba mengine. Kesho yake nilimkuta akikunja nguo zake. Siku nne zilibaki, naye alikuwa anakunja polepole, gauni moja baada ya jingine, nami nikaona mpango wangu wote unaingia kwenye ule mkoba.

Nadhani uso wangu ulisema kitu. Mchana huo alikuja akasimama kwenye kizingiti cha jikoni, miguu yote nje, mkono kwenye mwimo wa mlango. Akasema maji ya kwanza ni makali, hayo huwekwa kando. Mwaga maji tena juu ya majivu, tumia ya pili. Vijiko viwili, halafu ngoja, usikoroge kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea.

Nilingoja. Mrenda na kunde vikapanda na povu dogo la kijani, vikashuka, na ile harufu ikajaa nyumba. Nilikuwa sijaisikia humu tangu mke wangu afariki. Macho yalinitoka machozi, na moshi haukuwepo wa kusingizia, maana nilikuwa napikia gesi. Nikasonga ugali wa wimbi. Ulikuwa na madonge, lakini hapo sikujali.

Mama alikula. Alimaliza, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akainyoosha tena kwangu niongeze. Nilienda jikoni kupakua na huko, sitaki kuficha, nilicheza kidogo nikiwa na aproni.

Niliporudi nikamwuliza kama imekuwa sawa.

"Imekuwa sawa sana. Sasa naweza kwenda."

Nikamwuliza kwenda wapi.

"Si nyumbani? Mimi nilikuja juu yako. Mke wako aliniambia akiwa hospitali, ati huyu mtu wako hajui hata kupika mboga. Nikasikia unakula mkate tu, kila siku mkate. Nikasema wacha nikae huko, nisishike kitu, nione kama atajifunza. Umejifunza. Hutakufa njaa."

Nilikuwa nimetembea mji mzima nikijisifu kwamba namtunza mama, kumbe alikuwa ameacha kuku wake na boma lake kuja kunitunza mimi, na mwenyewe wa jiko aliyemtaja siku ile ya kwanza mlangoni nilikuwa mimi.

Nilimrudisha Bumula siku aliyosema. Nikarudi Kitale, nikapika mrenda kwa munyu wa maji ya pili, vijiko viwili, bila kukoroga. Ulitoka vizuri ajabu. Jirani alionja akaomba nimwandikie maelezo, nikamtolea nakala kutoka kwenye faili. Na kila jioni nilikula mboga nzuri mbele ya kiti kitupu, nikauchukia ufundi wangu. Ningejua, ningeendelea na mafuta ya taa.

Wiki ya tatu nikampigia simu nikamwambia munyu umenishinda tena, mboga ni chungu haziliki.

Akauliza kama nilitumia mafuta. Nikasema hapana. Akauliza kama ni maji ya kwanza. Nikasema ndiyo, ya kwanza, nilisahau. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia.

"Na ya leo umekula?"

"Nimekula."

"Yote?"

Nilitazama sahani, nilikuwa nimeifuta kwa tonge la mwisho. Nikasema yote.

Nilimsikia akiwafukuza kuku.

"Kuja Jumamosi unichukue," alisema. "Na ukuje na blanketi ya kufungia chungu."