Siku Tuliyoficha Mikongojo

Wazo la kuficha mikongojo lilikuwa langu, na sitamsingizia mtu.

Mama alikuwa na miezi saba tangu apatwe na kiharusi upande wa kulia. Kila Jumanne na Ijumaa nilimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, hadi kituo cha afya kilicho nje kidogo ya Garsen. Hapo tulikuwa tumepata fizio, binti wa bara anayenyoosha viungo. Kabla yake ilikuwa ni safari ya Malindi, na mama alirudi amekakamaa kuliko alivyokwenda.

Binti alituambia waliosoma naye ni wengi. Wengine wako ng'ambo wakinyoosha wazee wa watu, wengine wanauza mitumba Mombasa wakingoja kuajiriwa.

"Watu tupo, mama," alisema huku akimkunja goti. "Kazi ndiyo haipo."

"Kwani goti langu si kazi?" mama akamuuliza.

Mkataba wa binti ulikuwa unakwisha, na tukasikia wakubwa wa afya watakuja kuamua kama atabaki. Mama alikuwa ameanza kushika mwiko wa kupikia, na alikuwa ameapa kupanda mpunga wake mwenyewe msimu huo. Bila yule binti, mpunga angeutazama akiwa mlangoni. Basi pale benchini kituoni nikawaambia wagonjwa wenzake: siku hiyo tumpambe binti, mtu asionekane na mkongojo.

"Mimi nacheza hata ngoma," akasema mzee mmoja mfugaji, Muorma aliyevunjwa nyonga na fahali wake.

Siku ilipofika nilikusanya mikongojo saba nikaificha nyuma ya tangi la maji. Wakubwa walikuwa watatu. Mfugaji alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, akitabasamu, jasho likimchuruzika. Mama aliinuka bila kushikwa, akawapa mkono wa kulia. Ule ule uliokufa. Nilitaka kulia kwa furaha, nikamfinya jirani yangu badala yake.

Binti alitukodolea macho. Alijua vizuri nani anaweza nini.

"Hawa bado hawaja..." akaanza, nami nikakohoa kwa nguvu zangu zote.

Mkubwa wao alifurahi sana. Alisema mbele yetu kwamba mkataba utaongezwa, tukapiga makofi. Kisha akasema hapa kazi imekwisha, binti ahamie kituo cha huko juu ya mto ambako kuna watu hawawezi hata kukaa. Makofi yakafa. Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kudai mkongojo wake mbele ya wageni, tulibaki tumesimama, tunatabasamu, mpaka gari lao likaondoka. Mfugaji ndiye alikuwa wa kwanza kuketi sakafuni.

Wakati wa kuaga, binti alinishika mikono akaiweka begani kwa mama.

"Sukuma hapa, polepole. Mara ishirini asubuhi, ishirini jioni."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mpunga mwaka huo niliupanda mimi. Na kila asubuhi kabla ya chai, mama hukaa kizingitini akaninyooshea mkono wake mzito. Nikisema leo nimechoka, hunigonga ugoko kwa mkongojo.

"Si wewe uliyewaambia nimepona?" huniuliza. "Haya, niponye."