Nilivyofungua Ncoolo Nikitafuta Sauti

Kuna watu Kangeta ambao mpaka leo wakiniona wanaziba masikio, na sina pa kuwashtaki, maana nilijitakia. Nilikuwa nimepanga kuitunza aibu hii mpaka nizeeke, lakini baba mdogo wangu, Gitonga, ameshaisimulia kwenye matanga mawili na harusi moja, na kila akiirudia ananiongezea ujinga ambao sikuufanya, kwa hivyo acheni niwaambie mwenyewe, angalau ujinga ubaki ule ule wa siku ile.

Kwanza mnijue. Naitwa Mwenda, kwetu ni Kianjai, nakaa Kaaga, na mjini Meru nina kibanda cha kutengeneza simu. Hiyo ndiyo kazi. Ugonjwa wangu ni muziki, na si muziki wa kucheza (laiti ungekuwa), ni ule wa kielektroniki wa majaribio, usio na mdundo wala maneno, unaoweza kukaa dakika kumi na mbili kwenye mngurumo mmoja wa friji ya buchari halafu ukaisha bila kuomba radhi. Kila Ijumaa wenzangu wakitafuta mechi mimi naingia mtandaoni kuona matoleo mapya, mara jamaa wa Japani amerekodi lifti, mara mama mmoja wa Norwei amerekodi barafu ikipasuka, na mimi nimeganda na visikizi masikioni huku mteja akiniuliza kioo cha simu yake kimefika wapi. Na mimi nilikuwa nimetoa zangu mbili, albamu kamili zenye picha juu, wasikilizaji kumi na mmoja, na wawili kati yao ni mimi kwa simu tofauti.

Kendi alikuwa mmoja wa hao tisa waliobaki. "Hii ni kama tumbo ya ng'ombe," aliniambia siku ya kwanza, lakini akasikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake, na papo hapo nikajua huyu nitamwoa nikiruhusiwa.

Ruhusa ndiyo ilikuwa ngumu. Baba yake, Mzee Kaberia, analima miraa Kangeta, na alikuwa na mtu wake tayari, mwalimu wa sekondari mwenye gari jeupe (halina hata mkwaruzo, nimelichunguza). Kendi alizozana naye wiki nzima mpaka mzee akalegeza kidogo tu. Alisema, "Mwambie alete ncoolo. Moja. Nikiona haijakaa vizuri, tunaenda na mwalimu, na nisisikie kilio." Na alikuwa ameambiwa mimi ni mtu wa muziki, akadhani ni injili, na hakuna aliyeona haja ya kumsahihisha.

Kwa ambao hawajaposa upande wetu, ncoolo ni kifurushi cha miraa teule, kinachofungwa kwa majani ya mgomba na kamba za mgomba na mtu anayejua, kisha kinapelekwa kwa kina msichana kuulizia. Hakifunguliwi njiani. Hakifunguliwi na wewe. Kinafunguliwa na wazee wa kwao, na wakishakifungua na kukila maana yake wamekubali mzungumze. Kwa maneno mengine, kile kifurushi kilikuwa ndicho mimi, nimefungwa vizuri nisiseme chochote cha kipuuzi.

Chetu alikifunga baba mdogo Gitonga, ambaye kwa kufunga hana mpinzani Kianjai. Akakiweka mezani asubuhi ya Jumamosi, akaniambia, "Hii usiiguse hata na macho," akaenda kuoga.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Albamu yangu ya tatu ilikuwa imepata lebo ndogo ya ng'ambo, lebo ya kweli, ya watu wasio mimi, na yule jamaa alitaka kipande cha mwisho saa sita mchana siku hiyo hiyo. Kipande kilikuwa tayari ila kilikosa kitu. Nilikuwa nimekihangaikia mwezi mzima, nikakitia mvua kwenye mabati, nikaitoa, nikatia chaja mbovu inayovuma, nikaitoa. Nikapita pale mezani, kiwiko kikagusa ncoolo kwa bahati mbaya (sawa, si kwa bahati mbaya), na majani yakalia. Jamani! Mlio mkavu, wa karibu, kama mtu anayegeuka kitandani chumba cha pili. Nywele zikanisimama.

Nikajiambia dakika mbili tu.

Nikafungua fundo. Nina kinasa sauti kidogo, ukubwa wa kiberiti, chenye taa ya kijani. Nikakisukuma katikati kabisa, kwenye moyo wa miraa, nikafunika, nikaanza kuminya majani polepole huku nasikiliza kwenye visikizi visivyo na waya, na nawaambia kweli, sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo maishani mwangu. Nilisahau ninaposwa, yaani ninaposa. Halafu nina tabia mbaya ya kuongea peke yangu nikirekodi, kwa hivyo nikasema kwa sauti, "Mzee hatajua. Hawa wazee wanaona majani tu, hawaoni fundo."

Baba mdogo akapiga honi nje. Nikafunga ncoolo mbio mbio, nikakikumbatia, nikaingia garini.

Tulipofika Kangeta tulipokewa vizuri mpaka nikaona haya. Walikuwa wameweka spika kubwa uani na kupiga nyimbo za injili, kwa heshima yangu, mtu wa muziki. Tukakalishwa, tukapewa chai, na baba mdogo akaanza kusifu shamba. Akasifu miti ya miraa, mmoja baada ya mwingine, akasifu boma, akafika hadi kwa ng'ombe (aliyekuwa amekonda, tusidanganyane) akasema hajaona ng'ombe mwenye macho mazuri kama yale. Mzee Kaberia, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, alikuwa anatabasamu kidogo kidogo. Kendi alikuwa ndani na shangazi zake, na nilimwona mara moja kwenye pazia akinionyesha kwa jicho kwamba mambo ni sawa.

Kisha mzee akaletewa ncoolo. Wakati huo huo nikaingiza mkono mfukoni kuhakikisha kinasa sauti kipo, maana nilitaka kutuma ile sauti kabla ya saa sita, na mfukoni mlikuwa na leso na pipi ya koo. Nikaangalia mfuko wa pili. Nikaangalia ncoolo. Jasho likanitoka mgongoni likashuka hadi mahali ambapo si pa kutajwa mbele za wakwe.

Mzee Kaberia hakukifungua. Alikigeuza, kisha akapitisha kidole gumba juu ya fundo.

"Hii fundo ni ya nani?"

"Ni yangu, mzee," akasema baba mdogo kwa fahari, akainama kuangalia, kisha akainua kichwa. "Si yangu."

Mimi nafunga nyaya kila siku. Napindua mara mbili, nachomeka ncha ndani, isichomoke. Ndivyo nilivyofunga ncoolo ya posa yangu, kama chaja inayorudishwa kwenye droo. Mzee alichomoa ile ncha, majani yakafunguka, na pale katikati ya miraa teule ya kwetu Tigania ikaonekana taa ya kijani.

"Hiyo ni nini inakonyeza?" akauliza shangazi mmoja.

Walisimama watu wote kwa pamoja isipokuwa mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, ambaye nadhani magoti yalikataa. Yeye ndiye aliyesema, "Hiyo ni ya kurekodi. Watu wa siku hizi wanarekodi maneno ya mahari ndio wapeleke kotini." Basi zikaanza kelele. Mzee Kaberia akauliza, polepole, "Kijana, umekuja kwangu kunirekodi?" na mimi, badala ya kulia, ambako kungenisaidia, nikajibu, "Hapana mzee, ni muziki."

"Muziki gani?"

"Wa... wa majani."

"Weka tusikie."

Kaka yake Kendi ni mtu wa haraka. Kabla sijapata uongo wa kufaa alishazima injili na kuunganisha kinasa changu kwenye ile spika kubwa, na boma lote likajaa majani ya mgomba yakiminywa. Dakika mbili nzima. Watu walikuwa wanatazamana. Kisha ikaja sauti yangu, kubwa na safi, kwa sababu vifaa vyangu ni vizuri: "Mzee hatajua. Hawa wazee wanaona majani tu, hawaoni fundo."

Nilitamani ardhi inimeze, na sikuwa nimemaliza, kwa sababu sikuwa nimekizima. Kilikuwa kimerekodi safari yote. Honi ikalia, mlango ukafungwa, na sauti ya baba mdogo Gitonga ikatoka kwenye spika ikisema, "Huyo mzee ni mgumu lakini ukimsifu shamba analegea kabisa. Mimi nitaanza na miti. Nikimaliza miti naingia kwa ng'ombe, hata kama imekonda."

Hakuna aliyemwangalia ng'ombe. Wote walimwangalia baba mdogo, na baba mdogo akaangalia kiatu chake cha kulia kana kwamba anakiona mara ya kwanza. Spika ikaendelea, sauti yangu sasa, "Na akiuliza kazi?" na jibu lake, "Sema simu. Hiyo kelele yako usitaje, watatufukuza na mbwa."

Nilikimbilia ile spika nikaminya kitufe, na kwa haraka nikaminya cha kuruka mbele. Ndipo ikaanza albamu yangu ya pili, iliyokuwa humo humo kwenye kinasa.

Sitaki kuieleza. Ni mngurumo unaopanda, unaoshuka, unaokwaruza. Kuku walikimbia. Mama Kendi akaziba masikio, shangazi akaanza kukemea shetani, na mtoto wa jirani akalia kwa hofu ya kweli. Nilikuwa natafuta waya wa kuchomoa nilipomwona Mzee Kaberia ameinua mkono.

"Ngojeni."

Wakatulia. Mzee akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza, sijui dakika ngapi, kwangu ilikuwa mwaka.

"Hii ni posho mill ya hapo sokoni," akasema. "Belt yake imelegea. Nimewaambia siku mingi."

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Niliirekodi hiyo mashine ya kusaga nilipomsindikiza Kendi na mahindi siku moja, nikaipunguza kasi mara nane, nikaifukia chini ya chaja mbovu, na msikilizaji wangu wa Japani aliniandikia kwamba anasikia bahari. Mtu wa kwanza duniani kuusikia muziki wangu sawasawa alikuwa yule anayekaribia kunifukuza. Machozi yalinilenga, nikajifanya ni vumbi.

"Lakini ncoolo amefungua," akakumbusha mzee wa kofia, ambaye hakutaka tupotee. "Mwenye kufungua ndiye amekubali. Basi kijana amejiposa, amejikubali, apewe chai aende nyumbani na bibi yake, na bibi ni yeye mwenyewe." Walicheka mpaka wakashikana, baba mdogo pia (msaliti mkubwa). Mimi nilisimama katikati ya uwanja na waya mkononi, nikimwona kichwani mwangu mwalimu akiingia pale mlangoni na gari lake jeupe.

Mzee hakucheka. Akamwita Kendi.

"Umesikia yote?"

"Nimesikia, baba."

"Mwalimu ama huyu?"

Kendi alinitazama kwa muda ambao ulinifanya nijute kuzaliwa. "Mimi nilijua ni wa hivi kabla aje," akasema. "Nilisema ni yeye, sijabadilisha. Lakini apigwe faini, na iwe kubwa."

Ikawa kubwa. Kondoo dume, asali, na Jumamosi tatu nikakae shambani kwa Mzee Kaberia nifunge miraa mpaka vidole vyangu vijue fundo. Nilifunga na kina mama wa Kangeta, ambao walikuwa wakiniona naja wanatoa mlio wa mashine ya kusaga kwa midomo, tena wanaupatia, kuliko mimi. Saa sita ya siku ile ilipita bila mimi kutuma chochote, albamu ikatoka bila kile kipande, na kipande chenyewe bado ninacho ila siwezi kukitoa, kwa sababu ukikipandisha sauti mwishoni unamsikia baba mdogo akipanga kumsifu ng'ombe.

Siku hizi nikishika kitu kilichofungwa na mtu mwingine mikono naiweka nyuma, na nimeapa, kinasa sauti hakitaingia tena penye wazee, wawe wanapokea posa, wanazikwa au wamelala tu.

Jumamosi ya nne nilirudi na ncoolo nyingine, hii nimeifunga kwa mikono yangu, wazee wale wale, chai ile ile, na baba mdogo akikatazwa kusema lolote kuhusu mifugo. Mzee Kaberia aliipokea, akapitisha kidole gumba juu ya fundo, akatikisa kichwa kukubali. Watu wakasogea. Lakini hakufungua. Aliinua kile kifurushi, akakibandika sikioni, akafumba macho, na boma zima likamngoja.

"Iko kimya," akasema. "Kendi, leta sahani, tuile."