Mafuta ya Nazi Uwanjani Houston

Nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yanayoyeyuka, sikumbuki Mombasa, nilikoondoka ningali mchanga. Nakumbuka gari letu kuukuu na baridi ya Texas. Tulikuwa tukiishi Richardson, na asubuhi za baridi mafuta yaliganda chupani, basi mama aliiweka ile chupa mbele ya tundu la hewa ya moto mpaka yalainike, gari zima likanukia. Kwa mama, mtoto kutoka nje na miguu iliyopauka ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Tulipakwa mpaka tukang'aa, na wenzangu shuleni waliniuliza kama nimetoka kuogelea.

Msimu ule nilikuwa na miaka kumi, na kaka yangu Faraj, aliyekuwa na kumi na saba, alikuwa amepagawa na raga. Mama hakuupenda mchezo ule hata chembe. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee, mifupa iliyovunjika akiiona kila siku, na hakuona sababu ya mtu kwenda kuivunja yake kwa hiari. Mwishowe walipatana. Faraj angekwenda Houston, ambako makocha walikuwa wakichagua vijana wa timu ya jimbo. Akichaguliwa, aendelee, akiachwa, viatu vitupwe na habari ya raga isisikike tena nyumbani. Nilimwombea dua njia nzima, kwa sababu Faraj akinuna, nyumba yote ilinuna.

Tulipokaribia Houston, baba akasimama kwenye kituo cha petroli. Mama akamwamuru Faraj ashuke.

"Mama, please, not now! Mpira uta-slip!"

"Watu watasema huna mama. Lete mguu."

Akampaka miguu, mikono, shingo, hadi masikio. Baba akatazama pembeni. Kwenye mambo ya mafuta hakuwa na kauli.

Uwanjani ikawa balaa. Faraj alicheza winga, kazi yake kupokea mpira pembeni na kutimka nao. Pasi ya kwanza ikamponyoka. Ya pili vilevile, na kocha akaanza kutikisa kichwa. Mchezo uliposimama kidogo, Faraj alikuja pale tulipokaa, machozi yakimlengalenga, akanyoosha mikono. Mama akaitazama, akaelewa. Akaitoa leso aliyojitanda mabegani, akamfuta viganja, kidole kwa kidole.

"Na mwili, Mama."

"Mwili uache," mama akasema. "Kimbia."

Pasi iliyofuata ikanasa. Kijana mmoja akamkamata mkono, ukamteleza. Mwingine akamrukia miguuni, akabaki amekumbatia nyasi. Faraj akavuka mstari, akalaza mpira chini, na mama, ambaye hakujua sheria hata moja ya raga, akapiga vigelegele mpaka uwanja mzima ukageuka. Jioni ile jina la Faraj lilisomwa. Mpaka leo anasema ni mbio zake; mimi nina maoni yangu.

Miaka michache baadaye alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, Uingereza, na mama akamtilia chupa sandukuni. Alipiga simu baada ya mechi yake ya kwanza. Akasema wamefungwa, amechubuka uso, lakini amejipaka. "Baada ya mechi, Mama," alisema, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Siku hizi Faraj ameacha kucheza, na goti lake humsumbua akipanda ngazi. Vidole vya mama haviwezi tena kufungua chupa. Majuzi mimi na Faraj tulimpeleka mama harusini Houston. Barabara imepanuliwa, na ule uwanja sasa ni maduka tu, lakini kituo cha petroli kingalipo. Faraj akasimamisha gari bila kuambiwa, akachukua chupa ya mafuta, akafungua mlango wa mama, akapiga magoti kwa shida.

"Mama, umepauka. Lete mguu."

Akampaka polepole, kuanzia kwenye nyayo. Nilikaa kiti cha nyuma nimeshiba furaha, sikutaka safari iendelee. Alipomaliza, mama akaitoa leso mabegani, akamshika viganja, akaanza kumfuta kidole kwa kidole.

"Usukani utaushikaje?" akamuuliza.