Mashavu ya Bimkubwa

Shangazi yangu Bimkubwa alikuwa na mashavu. Watu wa Gazi wa umri wake hawakumbuki kimo chake wala rangi yake, wanakumbuka mashavu, mawili sawasawa, yamejaa kama maandazi ya Idi. Mumewe, Jumbe, fundi wa nyumba za udongo na boriti za mikoko, alikuwa akijisifu barazani bila haya kwamba ndiyo yaliyomwoesha. Shangazi akimsikia humwambia aache upuuzi, kisha anaingia ndani kucheka.

Uso hauagani na mtu kwa siku moja. Kwanza yalikwenda magego ya kushoto, upande aliozoea kutafunia tambuu, na shavu la upande ule likaingia ndani. Mafuta ya chini ya macho yakashuka, yakajikusanya pembeni mwa kidevu. Ukingo wa taya ukapotea. Pembe ya mdomo ikavutwa chini kushoto, jicho la upande huohuo likawa dogo kuliko mwenziwe, na sauti nayo ikabadilika kwa kukosa meno ya kuizuia. Shavu la kulia lilibaki na nyama kidogo. Ukimtazama kwa kulia ulimwona Bimkubwa. Ukimtazama usoni ulimwona bibi yangu Subira, mama yake, aliyezikwa zamani.

"Subira kafufuka!" majirani walimtania, naye alicheka nao. Sisi sote tulicheka, kwa kuwa hatukujua tunachokicheka.

Jumbe alianza kusahau. Alisahau nyundo, akasahau rakaa, akasahau kwamba ndugu yake Matano amefariki. Hayo shangazi aliyamudu. Kisha asubuhi moja alimpelekea uji kitandani. Mzee alipomwona alishtuka, akajifunika shuka mpaka shingoni, akageukia ukutani.

"Shikamoo, mama. Niwie radhi, sikujua kama umekuja."

Shangazi alidhani ni mzaha. Mzaha gani! Kwetu mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Haingii chumba alichomo, na akikutana naye njiani humpisha, akachuchumaa kando na kumwamkia bila kumtazama. Mwili wake hauonyeshi kwake hata akiwa mgonjwa. Jumbe alikuwa amesahau karibu kila kitu alichofunzwa duniani, lakini adabu hii ilimbakia nzima, na sijui nimshukuru nani kwa hilo.

Basi kila shangazi akiingia, mzee aliinuka kwa taabu, akajikokota hadi uani, akaketi juani mpaka atoke. Chakula alichopewa na mkono wake hakukigusa. Kuogeshwa naye ndiyo hata usitaje. Alilia kama mtoto, akishika msuli aliojifunga kiunoni kwa mikono miwili. Mwana wao Tofiki alikuja kutoka Kombani kumwogesha kazi ilipomruhusu. Siku nyingine mzee alikaa na mkojo wake, na mgongo ukaanza kuchubuka. Mke wake wa miaka yote hiyo alisimama mlangoni na beseni la maji ya vuguvugu, hana ruhusa.

Alikwenda Ukunda kutengenezewa meno. Nilimsindikiza mimi. Meno yalikuwa mazuri, lakini meno si shavu. Nyama imeshuka, na mfupa wenyewe umepungua. Akajaza pamba upande wa kushoto, akapaka wanja, akajifunga leso aliyokuwa akiipenda mzee, akaingia. Jumbe alimtazama kwa huruma kubwa.

"Maskini mama, umevimba. Jino linakuuma?"

Shangazi alitoka, akaitema pamba ile uani, akaikanyaga.

Nusra, mkewe Tofiki, akaleta picha ya zamani ya mzee na shangazi. "Huyu hapa mke wangu!" mzee alisema papo hapo. Tangu siku ile alilala na picha kifuani. Shangazi aliniambia wazi kwamba anaichukia, na kwamba hajawahi kumwonea wivu mwanamke yeyote ila yule.

Nilipoona mbavu za mzee zinahesabika, ndipo nilipomwambia: "Shangazi, huwezi kuwa mkewe tena. Kuwa Subira. Mkwe akiamrishwa na mama hakatai."

Alinikasirikia siku nzima. Kesho yake aliweka sahani ya wali na mchuzi wa papa kizingitini, akaketi nje ya mlango, akampa mgongo.

"Kula, mkwe wangu. Mimi sikuoni."

Akasikia kijiko kikigonga sahani.

Hivyo ndivyo walivyoishi miezi ya mwisho, ukuta kati yao. Alikula. Vidonda vya mgongo, hata hivyo, vilimshinda Tofiki, na homa ikaingia. Alasiri moja mzee aliita kutoka kitandani, nami nilikuwa uani nikichambua mchicha, nikasikia.

"Mama, upo?"

"Nipo, baba."

"Mwanao kaniacha. Tangu niugue hajaja kunitazama."

Shangazi aliziba mdomo kwa leso. Nilitaka kupiga kelele.

"Simlaumu," mzee akaendelea. "Bado kijana, na mimi nanuka. Mwambie nimemsamehe."

"Nitamwambia," akajibu shangazi, kwa ile sauti ya mama yake.

Mzee alikufa Ijumaa kabla ya adhuhuri. Wanaume walipomaliza kumwosha na kumkafini, walimwacha uso wazi, wakamwita mjane aje kuagana naye. Shangazi alisita mlangoni kwa mazoea, akingoja mtu ajifunike na kutoka. Hakuna aliyeinuka.

Akaingia. Alizunguka kitanda mpaka upande uliomfaa, akainama, akamgeuzia shavu la kulia.