Overclock ya Butembo ilikutana na sanduku ya kakao ku Beni

Wakuu, jambo yenu. Hii ilinifikia miye mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mwenye kucheka acheke, mais asome mpaka mwisho.

Miye niko mutu wa Butembo, kazi yangu ni kupiga na kupanga mafilme ya ndoa na ya kanisa. Ordinateur yangu ni ya zamani, donc niliifanyia overclock: niliingia mu BIOS, pale mipango ya ndani ya mashini inakaaka, nikaongeza mbio ya processeur, ule ubongo wake, nikaongeza na voltage, nguvu ya courant yenye inaingia ndani yake, ili isizimike.

Butembo ni baridi, munajua. Asubuhi tunavaaka pulovere. Hata kwa kazi nguvu, processeur ilikuwa inafikaka degré sabini na kitu, haipiti pale. Nikajiona fundi kabisa. Kumbe baridi ndiyo ilikuwa fundi, miye nilikuwa naangalia tu.

Sasa sikieni.

Mama mudogo Masika, mudogo ya mama yangu, anaishi Beni. Mutoto wake alipewa upadri huku Butembo, na yeye hakufika, ju ya macho. Macho yake inazimika pole pole. Munganga alimuambia waziwazi kama haitarudi.

Alinipigia simu: "Kambale, mutoto wangu, leta ile filme mbio. Nataka nimuone ku altare na macho yangu, hapana kuelezewa na batu."

Ile sauti iliniingia, wakuu.

Mais courant ya kwetu ilikuwa inakatika-katika, filme haimaliziki. Nikafunga mashini mu blanketi, nikapanda gari, nikashuka nayo Beni, kwa mama mudogo mwenyewe. Kule courant ilikuwa inakaa.

Mu nyumba yake, chumba yenye kufuli ya kulinda mashini ni depo tu, ya kuwekea vitu. Ndani mulikuwa sanduku kubwa ya mbao, imefunikwa na magunia. Nikasema, meza ndiyo hii! Nikaweka mashini juu yake. Harufu ilikuwa kali, sawa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Nikawaza, haya, kumbe mu hii nyumba batu banakunywaka.

Nikaanza kazi. Temperature inapanda: makumi nane, tisini, tisini na tano, pah! Mashini inazimika. Nikawasha tena. Pah! Nikafungua kifuniko, nikatoa vumbi, nikabadilisha pâte thermique, ile mafuta nzito inakaaka kati ya processeur na radiateur yake, chuma ya kuipoza.

Pah!

Mama mudogo iko ku salon, anauliza: "Imeiva?"

Najibu: "Bado, mama, iko karibu." Uongo mutupu. Jasho ilikuwa inanishuka mpaka mu kiuno. Nilikuwa naogopa kuichoma kabisa, na yeye apofuke hivyo hivyo bila kuona kitu.

Nikaegemea sanduku ili nichungulie nyuma ya mashini. Nikatoa mukono mbio.

Mbao iko moto!

Nikaweka mashini chini, nikatoa magunia, nikakuta majani ya ndizi. Nikafunua. Mvuke ikanipiga mu uso. Ndani ni mbegu za kakao, mbichi, zenye utelezi, na ile harufu ya kasiksi kumbe ni yake. Nikaingiza mukono, nikashindwa kuvumilia.

Eh Mungu wangu! Hapana moto chini, hapana courant, hapana jua. Mbegu na majani tu! Na iko joto sawa maji ya kuoga yenye ulisahau ku moto. Nilisimama pale kinywa wazi. Sisi ba Butembo tunajua viazi na maharagi ya Musienene. Kakao tunaionaka ikipita mu magunia, imekaukaka zamani. Nani aliniambiaka kama inajichemshaka yenyewe?

Nikaita. Mama mudogo akakuja akishika ukuta. Nikamuelezea, akacheka mpaka akatoa machozi. "Umelalisha mashini juu ya kakao? We mutoto! Tunaiachaka ijipike mule, ndiyo ipate harufu yake."

Nikahamia ku salon, karibu na dirisha. Nikarudi mu BIOS, nikapunguza voltage, nikashusha na mbio kidogo, ju hata bila kakao, Beni haiko Butembo. Temperature ikasimama ku makumi nane, haikutikisika. Filme ikaisha jua ingali juu.

Nilijifunza hivi: joto ya processeur inaanziaka ku joto ya chumba. Overclock yenye ulipimia ku baridi, ukiishusha pahali pa moto, ipime upya. Mbele ya kukimbilia ventilateur ingine, ile feni ya kupoza, jaribu kushusha voltage. Na ukifika kwa batu, uliza meza yao iko na nini ndani. Kuuliza si ujinga. Mwenye kuishi pahali pa moto aniandikie hapa chini mashini yake inafikaka degré ngapi, na mwenye kujua ju ya nini kakao inachemka anifundishe. Nasoma yote.

Mais muache nimalize ya mama mudogo.

Aliketi karibu sana, pua inataka kugusa écran. Mutoto wake akatokea, akainua kalisi, kikombe ya misa.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akaangalia ule uso, akaangalia, akaangalia.

Akasema: "Wasingya, aksanti, mutoto wangu. Sasa giza ikuje. Itanikuta nimeshamuona."